Kipandauso na kukosa usingizi kwa vijana: miezi minne ya tiba ya tabia kupitia simu

Mama wa Mtwara (mwanzisha uzi)

Ndugu wanajukwaa,

Nafungua uzi huu kwa ajili ya mzazi mwenye kijana anayeumwa kichwa kila wiki na ambaye usiku hapati usingizi. Kwa miaka miwili nilikuwa mzazi wa namna hiyo, na muda wote huo nilihangaika na kichwa peke yake, bila kujua kwamba usingizi na kichwa vinaweza kutibiwa pamoja, tena na mtaalamu aliye mbali.

Binti yangu ana miaka 15 na yuko kidato cha pili katika shule ya kutwa hapa Mtwara. Maumivu yalimwanza muda mfupi baada ya kuvunja ungo. Yanaanzia nyuma ya jicho la kulia, yanagonga kama mchi kwenye kinu, anatapika, hataki mwanga wala sauti ya redio ya jirani, na baada ya saa tano au sita anazama usingizini kama mtu aliyelima mchana kutwa. Mwaka wote wa kwanza tuliyaita malaria. Kila yalipokuja tulikwenda kupima, na kila kipimo kilipoonyesha kwamba hakuna vimelea tulirudi nyumbani na vidonge vya maumivu, mpaka daktari mmoja alipomkalisha, akamsikiliza kwa nusu saa nzima, akampima mishipa ya fahamu, kisha akasema kwamba hiki ni kipandauso. Daktari huyohuyo ndiye wa kwanza kumuuliza binti yangu swali ambalo mimi mama yake sikuwahi kumuuliza: "Ukishapanda kitandani, unakaa muda gani kabla usingizi haujakuchukua?" Alijibu kwamba mara nyingi anasikia jogoo wa kwanza.

Daktari alituelekeza kwa mwanasaikolojia tiba aliyeko Dar es Salaam. Kutoka hapa hadi huko ni zaidi ya kilomita 500, na hakuna mwanafunzi anayeweza kusafiri hivyo kila wiki, kwa hiyo vikao vyote vimefanyika kwa simu ya video: vikao vinane vya binti, kimoja kwa wiki, na vinne vya kwangu peke yangu. Nitarudi kwenye hivyo vinne, kwa sababu ndivyo vilivyokuwa vigumu zaidi.

Wiki mbili za kwanza hatukubadilisha chochote. Tuliandika tu. Binti alichora safu katika daftari la kawaida la shule: saa aliyopanda kitandani, saa anayodhani alisinzia, mara alizoamka, saa aliyoamka asubuhi, kichwa kwa kipimo cha sifuri hadi kumi, na kila kidonge alichomeza. Wiki mbili zilipokwisha tulipiga picha kurasa hizo tukazituma. Hesabu ilikuwa hivi: alikuwa anapanda kitandani saa mbili na nusu usiku kwa amri yangu, kwa kuwa niliamini mgonjwa anahitaji kupumzika, anasinzia karibu saa sita, anaamka saa kumi na moja alfajiri. Saa nane na nusu kitandani, saa tano za usingizi. Jumamosi na Jumapili nilimwacha alale hadi saa nne asubuhi ili afidie, na kichwa kilikuja karibu kila Jumapili au Jumatatu.

Mwanasaikolojia alinieleza kwamba kwa mtu mwenye kipandauso, ubongo hauvumilii mabadiliko: kulala kidogo mno kunaweza kuamsha maumivu, na kulala kupita kiasi vilevile. Tena katika umri wa balehe saa ya ndani ya mwili husogea mbele, usingizi ukachelewa kuja wenyewe, wakati kengele ya shule haisogei. Binti yangu hakuwa mkaidi wala mvivu. Nilikuwa nampeleka kitandani muda wa saa tatu na nusu nzima kabla mwili wake haujawa tayari, na huko ndani ya chandarua alikuwa anafanya kazi za shule, analia, anahesabu saa zilizobaki kabla ya kupambazuka.

Kwa hiyo agizo la kwanza lilinishangaza: asipande kitandani kabla ya saa nne na nusu usiku, na aamke saa kumi na moja na nusu kila siku, hata Jumapili. Hizo ni saa saba kamili, na aliniambia kwamba kwa kijana mwenye kipandauso hathubutu kushuka chini ya hapo. Agizo la pili: kitanda ni cha kulala tu. Kama amekaa kitandani kwa muda unaokaribia dakika ishirini bila kusinzia, atoke, akae mahali pengine penye mwanga hafifu, arudi pale tu anapoona macho yanafumba. Tulimtandikia mkeka sebuleni na kumwekea taa ndogo ya kuchaji. Usiku wa kwanza alitoka mara nne. Nilikuwa nasikia ule mlio wa chandarua kikichomolewa kwenye godoro, kisha nyayo zake, kisha kimya.

Agizo la tatu lilihusu simu, ambayo ndiyo hiyohiyo ya tiba. Saa tatu usiku inakuja chumbani kwangu, na tukamnunulia saa ya mezani sokoni ili asiwe na sababu ya kuihitaji.

Baada ya hapo vikao vilihama kwenye kichwa chenyewe. Alifundishwa kupumua kwa tumbo na kulegeza misuli, kuanzia vidole vya miguu hadi taya, kwa ujumbe wa sauti wa dakika kumi na mbili ambao mwanasaikolojia aliurekodi mwenyewe kwa Kiswahili. Alifundishwa pia kuandika mawazo yanayomjia usiku. La kwanza aliloandika lilikuwa mnyororo: "Nisipolala kesho kichwa kitauma, kikiuma sitafanya jaribio, nisipofanya jaribio nitafeli." Kwa wiki mbili walipitia kiungo kimoja kimoja cha mnyororo huo wakiulinganisha na daftari, na daftari likaonyesha kwamba kuna usiku mbaya saba ambao haukufuatwa na kichwa.

Ninaandika hivi katika mwezi wa nne. Kabla ya kuanza, siku za maumivu zilikuwa 14 katika siku 28. Katika siku 28 zilizopita zilikuwa sita. Anasinzia ndani ya nusu saa karibu kila usiku, na muda wa kupanda kitandani umerudishwa nyuma robo saa baada ya robo saa hadi saa tatu na dakika arobaini na tano. Wiki mbili za kwanza za ratiba mpya kichwa kilizidi, na tulikuwa tumeonywa. Huyu ni mtoto mmoja. Siwaahidi kwamba wenu ataona hayohayo.

Baba wa Watatu

Mama, nakupa pole na hongera. Lakini niruhusu niseme ninachofikiri kwa uwazi. Mimi nina kijana wa kidato cha tatu ambaye kichwa chake kinapona siku shule inapofungwa. Je, hatuwafundishi watoto kujidekeza kwa kuwatafutia mtaalamu wa kuzungumza nao? Na je, hii tiba ya mazungumzo ina ushahidi wa kupimwa, au ni faraja tu?

Mama wa Mtwara

Ndugu yangu, swali la kujidekeza ndilo lililojaza vile vikao vyangu vinne, na jibu lake si lile nililolitarajia.

Mwanasaikolojia aliniomba nihesabu kwa siku moja ni mara ngapi namuuliza binti hali ya kichwa. Nilifika mara kumi na moja kabla ya chakula cha jioni. Namuuliza akitoka bafuni, namuuliza akirudi shule, namtazama uso anapokula. Aliniambia kwamba kila swali linamrudisha mtoto kwenye kichwa chake ili akikague, na kwamba siku ambayo kichwa kinauma anapata soda, anasamehewa vyombo na mama anaketi kando yake, ilhali siku ambayo anavumilia na kwenda shule hapati hata neno. Hakusema kwamba mtoto anadanganya. Alisema kwamba maumivu ni ya kweli, na kwamba nyumba nzima imejipanga kuyazunguka.

Tangu hapo siulizi. Tuna mpango ulioandikwa na kubandikwa ukutani: dalili zikianza anameza mapema dawa aliyoandikiwa na daktari, kwa kipimo chake, anakunywa maji, anajilaza penye giza kwa saa moja au mbili, kisha anaendelea na siku kwa kadiri anavyoweza, hata kama ni kipindi kimoja cha mwisho. Nampongeza kwa kurudi, simpongezi kwa kuumwa. Kuacha kuuliza kulinichukua wiki tatu, na sijawahi kupewa kazi ngumu kama hiyo.

Kuhusu kijana wako anayepona shule ikifungwa: shule ikifungwa anaamka saa ngapi? Ningeanzia hapo kabla ya kumshuku.

Mwanasaikolojia, Dodoma

Nadhani naweza kumsaidia ndugu Baba wa Watatu upande wa ushahidi.

Mwaka 2013 jarida la kitabibu la JAMA lilichapisha utafiti wa hospitali ya watoto ya Cincinnati, Marekani, ulioongozwa na Scott Powers. Vijana 135 wa miaka 10 hadi 17 wenye kipandauso sugu walipewa wote amitriptilini, dawa ya kuzuia maumivu yasijirudie. Kundi moja likaongezewa tiba ya fikra na tabia, yaani mazungumzo na mazoezi ya namna ile aliyopata binti wa mwanzisha uzi, lingine likaongezewa elimu kuhusu maumivu ya kichwa. Baada ya wiki 20, siku za maumivu katika kila siku 28 zilipungua kwa 11.5 katika kundi la tiba na kwa 6.8 katika kundi la elimu. Tofauti hiyo ni kubwa kwa mtoto anayehesabu siku za shule alizokosa.

Kisha ulifuata utafiti uliochapishwa mwaka 2017 kuhusu watoto na vijana 361 wa miaka 8 hadi 17, ulioshindanisha amitriptilini, dawa nyingine ya kuzuia iitwayo topirameti, na kidonge kisicho na dawa ndani yake. Waliopungukiwa na siku za maumivu kwa nusu au zaidi walikuwa asilimia 52, 55 na 61, kwa mpangilio huo. Yaani kidonge kitupu hakikushindwa na dawa yoyote, na utafiti ulisimamishwa mapema. Tafadhalini, mtu asiache dawa ya mtoto wake kwa kusoma mstari huu, kwa sababu dawa ya kuzuia inaweza kumfaa mtoto mmoja mmoja na uamuzi ni wa daktari wake. Mimi ninachokisoma humo ni kwamba mambo yanayozunguka kidonge, yaani kufuatiliwa, kuandika daftari, kuwa na ratiba na kuwa na matumaini, yana nguvu yake.

Utafiti wa Cincinnati ulifanywa ana kwa ana. Kwa njia ya intaneti, Tonya Palermo na wenzake wa Seattle, Marekani, walitengeneza programu iitwayo WebMAP kwa vijana wenye maumivu sugu wa miaka 11 hadi 17, yenye sehemu ya kijana na sehemu ya mzazi, na mwaka 2016 wakatoa matokeo ya vijana 273. Hapa inafaa kuwa mkweli: ukali wa maumivu haukupungua zaidi kuliko kwa kundi la kulinganishia, lakini miezi sita baadaye vijana wa programu walikuwa wanafanya shughuli zao za kila siku vizuri zaidi. Ukimwambia mzazi kwamba simu itaondoa maumivu, unamdanganya. Ukimwambia kwamba inaweza kumrudisha mtoto darasani na uwanjani, una mahali pa kusimamia.

Upande wa usingizi pekee, Ed de Bruin na wenzake wa Amsterdam walichapisha mwaka 2015 utafiti wa vijana 116 wa miaka 12 hadi 19, wakilinganisha tiba ya usingizi ya wiki sita kwa intaneti, tiba hiyohiyo katika kikundi, na kusubiri bila tiba. Njia zote mbili zilishinda kusubiri. Na kuhusu kuunganisha kipandauso na usingizi kwa kijana mmoja, kama alivyofanyiwa binti wa mwanzisha uzi, kundi la Seattle lilijaribu mwaka 2018 kwa idadi ndogo ya vijana, bila kundi la kulinganishia. Usingizi na maumivu vyote vilikwenda kwenye nafuu. Huo ni mwanzo mzuri, na bado ni mwanzo.

Mfamasia wa Mtaa

Naomba kuongeza jambo moja tu kuhusu safu ya vidonge katika lile daftari, kwa kuwa naona wazazi wengi wakiipuuza. Dawa ya kawaida ya maumivu, kama paracetamol au ibuprofen, ikimezwa siku 15 au zaidi kwa mwezi kwa zaidi ya miezi mitatu, inaweza yenyewe kugeuka chanzo cha maumivu ya kichwa. Kwa vidonge vya mchanganyiko, vikiwemo vile vyenye kafeini, kiwango ni siku 10 tu. Mtoto anayetumwa dukani kujinunulia vidonge viwili viwili hufika idadi hiyo bila mtu yeyote nyumbani kujua, na kafeini hiyo akiimeza jioni inamharibia na usingizi.

Mama wa Mtwara

Asante sana. Binti yangu alikuwa na siku 13 za vidonge mwezi wa kwanza wa daftari, na vingi vilikuwa vya mchanganyiko. Sikujua hata kidogo.

Matroni wa Bweni

Mimi ni matroni wa wasichana katika shule ya bweni, na nimesoma uzi huu nikiwaona wanafunzi wangu watatu au wanne. Tatizo letu ni kwamba simu haziruhusiwi, kengele ya asubuhi ni saa kumi, masomo ya usiku yanaisha saa nne, na taa za bweni lenye wasichana arobaini haziwezi kuzimwa kwa ajili ya mmoja. Tiba ya namna hii inamfikiaje mtoto wa bweni?

Mama wa Mtwara

Dada yangu, nilimuuliza mwanasaikolojia wetu swali hili kwa sababu mwakani tulikuwa tunafikiria bweni. Alisema yeye huanza na wanafunzi wa bweni wakati wa likizo, wakifanya vikao vitatu au vinne kwa ukaribu, kisha shule ikifunguliwa mtoto anaendelea na daftari la karatasi, na kikao kimoja kila baada ya wiki mbili kinafanyika kwa simu ya ofisi, kwa barua ya mzazi na kibali cha mkuu wa shule. Video si lazima. Sisi wenyewe, mtandao ulipokatika, tulimaliza vikao viwili kwa simu ya kawaida ya sauti na hatukupoteza kitu.

Lakini saa kumi alfajiri hadi saa nne usiku ni jambo ambalo hakuna mwanasaikolojia anayeweza kulipumulia tumboni. Chama cha madaktari wa usingizi cha Marekani kilipendekeza mwaka 2016 kwamba kijana wa miaka 13 hadi 18 alale saa 8 hadi 10. Ratiba uliyoitaja inampa sita, kama atasinzia palepale taa inapozimwa. Ninakuomba wewe uliye ndani ulipeleke hili kwenye kikao cha walimu, kwa sababu neno la matroni lina uzito kuliko barua ya mzazi mmoja.

Bi. wa Mombasa

Mwanangu wa kiume ana miaka 16 na kipandauso chake hushtadi kila Ramadhani, khususan siku za mwanzo. Ratiba ya kulala na kuamka saa zilezile kila siku itafuatwa vipi na kuna daku na tarawehe?

Mama wa Mtwara

Dada, sisi tulipita Ramadhani katikati ya tiba. Tulichoambiwa ni kuchagua nguzo moja isiyotikisika, na kwetu ilikuwa saa ya kuamka kwa ajili ya shule. Baada ya tarawehe alilala moja kwa moja, aliamka kwa daku karibu na mwisho wa wakati wake badala ya saa nane, akanywa maji ya kutosha, akarudi kulala baada ya Alfajiri hadi saa ileile. Chai na kahawa alizipunguza kidogo kidogo wiki mbili kabla ya mwezi kuandama, kwa kuwa kuacha kafeini ghafla siku ya kwanza ya saumu ni sababu mojawapo ya kichwa. Siku tatu aliumwa vibaya akafungua, nasi tumeziandika ili azilipe, kama mgonjwa alivyoruhusiwa. Lakini muone daktari wake kabla, hasa kama anatumia dawa ya kila siku.

Muuguzi wa Watoto

Uzi ni mzuri, na kwa sababu ni mzuri naogopa mtu asije akaanza daftari mahali palipohitaji gari la wagonjwa. Kichwa kilichokuja ghafla na kwa ukali usio na mfano, kichwa chenye homa na shingo kukakamaa, kinachomwamsha mtoto usiku au kinachozidi kila asubuhi pamoja na kutapika, kilichofuata kuanguka au kupigwa, chenye degedege, udhaifu wa upande mmoja, kuona vibaya kusikopita, au kuchanganyikiwa: huyo apelekwe hospitali leo. Na kwa walio katika maeneo ya malaria, homa ipimwe. Pia kijana anayesema amechoka kuishi hasubiri kikao cha Alhamisi.

Mama wa Mtwara

Nakushukuru, na naongeza kwamba kikao chetu cha kwanza kabisa kilianza hivyohivyo. Mwanasaikolojia alitaka kwanza karatasi ya daktari inayothibitisha kipandauso, akataka namba ya mtu mzima aliye jirani na hospitali iliyo karibu, kwa kuwa yeye yuko mbali na hawezi kumfikia mtoto akipatwa na jambo. Kisha akaniomba nitoke. Nyumba yetu ina vyumba viwili, kwa hiyo binti alikaa nyuma ya jiko kwenye kigoda, akiwa na visikizio masikioni, na nilikubali kwamba yanayosemwa pale ni yake, isipokuwa yale ya hatari. Mtaalamu asiyeuliza mambo haya mwanzoni, mimi nisingempa mtoto wangu.

Baba wa Watatu

Nimemuuliza kijana wangu anaamka saa ngapi wakati wa likizo. Amesema saa mbili asubuhi kila siku, na analala saa tano usiku. Wakati wa shule anaamka saa kumi kasorobo kuwahi daladala. Tumeanza daftari jana. Nitarudi hapa baada ya wiki mbili.

Mama wa Mtwara

Tutakusubiri, ndugu yangu, na asante kwa kuuliza.

Jana jioni nilimsomea binti yangu uzi huu wote, kwa kuwa ni habari zake na alikuwa amekubali niandike bila jina. Ameniomba nisahihishe mambo mawili. La kwanza, anasema kilichomfanya akubali tiba si ratiba ya usingizi. Ni kwamba katika kikao cha kwanza aliulizwa kichwa kimemnyima kitu gani, akajibu netiboli, na mwanasaikolojia akaliandika hilo juu ya kila kitu kingine kama lengo lao. Amerudi mazoezini tangu wiki ya sita.

La pili, anasema kuna usiku bado anatoka kwenda kwenye mkeka, na kila mara anajua kwamba mimi niko macho nyuma ya mlango nikihesabu dakika. Anaomba nami nilale.